Blogu yako unamwandikia nani?

Ujumbe huu umezoeleka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Habari zenu wapendwa, nimefungua blogu yangu. Humo mtapata habari, michezo, afya, mahusiano, ujasiriamali, burudani na mengine mengi. Naomba mpite msome, na mnisapoti kwa kushea." Chini yake kuna linki. Wanagrupu wanajibu kwa dole gumba na "hongera sana", kisha mazungumzo yanaendelea na mambo mengine. Wanaofungua ile linki ni wachache, na wanaorudi kesho yake ni wachache zaidi. Wiki inayofuata ujumbe unatumwa tena, na safari hii hata hongera zimepungua. Baada ya miezi michache blogu imesimama.

Mwenye blogu akiulizwa atasema watu wetu hawasomi, bando ni ghali, na ndugu hawana moyo wa kumwinua mwenzao. Bando ni ghali kweli. Lakini kwamba watu hawasomi, hapana. Watu haohao husoma mpaka mwisho ujumbe mrefu unaoeleza namna ya kufuatilia mafao ya mstaafu, kwa sababu nyumbani wana mzee aliyestaafu. Husoma kinachowahusu, na hukisambaza bila kuombwa. Ujumbe wenye "mengine mengi" haukumgusa mtu yeyote mahali panapomuuma wala panapomfurahisha, ndiyo maana haukufika popote.

Nionavyo mimi, kazi ya kuitangaza blogu huanza kabla linki haijatumwa kwa mtu wa kwanza. Huanza pale mwandishi anapoamua mambo mawili: anamwandikia nani, na mtu huyo akirudi atakuta nini. Hayo yakishaeleweka, matangazo yanayobaki huwa mepesi. Yasipoeleweka, hata ukilipia matangazo Facebook utakuwa unanunua wageni wa siku moja.

Waliokuwa mtandaoni katikati ya miaka ya 2000 wataikumbuka blogu ya Muhidin Issa Michuzi. Alikuwa mpigapicha wa gazeti la Daily News alipoianzisha mwaka 2005, akiwa Helsinki, Finland, kwa kuhimizwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waasisi wa blogu za Kiswahili, ambaye tayari alikuwa na blogu yake ya Jikomboe. Facebook ilikuwa haijafika kwetu. Mtanzania aliyekuwa akisoma au kufanya kazi Uingereza, Marekani au Uarabuni alikuwa na hamu kubwa ya kupaona nyumbani, na Michuzi akampa picha: harusi, misiba, mechi, viongozi wakishuka kwenye ndege, mitaa ya Dar es Salaam baada ya mvua. Maelezo yalikuwa mistari michache tu. Mwenyewe alijulikana kama Ankal, wasomaji akiwaita wadau, shughuli nzima akiiita libeneke, na blogu ikabeba jina la Globu ya Jamii.

Ukiitazama kwa mada, blogu ile ilikuwa na kila kitu, na wengi walioiiga waliona hilo tu. Hawakuona kwamba mdau aliyekuwa ughaibuni alijua kwa hakika kitu kimoja: akifungua leo atawaona watu wa kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi, na haikubadilika. Mwenye msiba ughaibuni akapeleka tangazo kwa Michuzi na kuwaambia ndugu waangalie huko. Aliyeoa akapeleka picha za harusi na kuwaambia marafiki waangalie huko. Wasomaji wenyewe ndio waliokuwa wakiitangaza, kwa sababu kila mmoja alijua amwambie mwenzake nini.

Ninaieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kwamba mlengo wa blogu si lazima uwe mada moja. Unaweza kuwa aina moja ya msomaji na hamu yake moja. Lakini anayeanza leo asijaribu kupita njia ileile. Picha za harusi na za viongozi sasa zinafika kwenye simu kupitia Instagram kabla bwana harusi hajafika ukumbini, na habari za jumla zina vyombo vyenye wafanyakazi, kamera na magari. Mtu mmoja mwenye simu na ajira yake ya mchana hawezi kushindana nao kwenye habari za kila kitu. Mahali pake ni padogo zaidi, na udogo huo una nguvu zake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Julie Powell. Agosti 2002 alikuwa karani wa ofisi jijini New York, umri miaka 29, ameichoka kazi yake. Akajipa jukumu moja: kupika mapishi yote 524 ya kitabu cha upishi wa Kifaransa cha Julia Child na wenzake, kilichotoka mwaka 1961, ndani ya siku 365, kwenye jiko dogo la nyumba ya kupanga, na kuandika mtandaoni alichopika. Hakuwa mpishi wa hoteli, wala hakuwa na jina lolote. Kitabu kilichotokana na blogu hiyo kilitoka mwaka 2005, na mwaka 2009 ikatoka filamu ambayo Meryl Streep aliigiza kama Julia Child.

Angalia jinsi jukumu lile lilivyokuwa rahisi kusimulika. Msomaji wa Chicago aliweza kumwambia jirani yake kwa sentensi moja tu: kuna dada anapika kitabu kizima kwa mwaka mmoja, twende tuone kama atafika. Kulikuwa na hesabu na kulikuwa na tarehe ya mwisho, kwa hiyo kila siku kulikuwa na sababu ya kurudi. Halafu kuna jambo ambalo wanaoogopa kubanwa na mlengo hawalioni. Powell hakuandika mapishi peke yake. Aliandika habari za mumewe, za ofisi, za kuchoka na kulia jikoni. Yote hayo yalipata pa kukaa kwa sababu kulikuwa na kitabu kimoja kilichoyaunganisha. Bila kile kitabu, angekuwa karani mwingine anayelalamikia kazi yake mtandaoni, na hakuna ambaye angemsikiliza.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, msichana wa miaka 9 huko Argyll, Scotland, alianza blogu aliyoiita NeverSeconds. Kazi yake ilikuwa kupiga picha chakula cha mchana cha shule, kukipa alama, kuhesabu matonge na kusema kama alikuta unywele. Basi. Ndani ya wiki chache dunia ilikuwa inatazama sahani yake. Juni mwaka huo halmashauri ikamkataza kupiga picha, na kelele zilizozuka zikailazimisha kulifuta katazo siku iliyofuata. Wasomaji walichangia zaidi ya pauni 100,000 kwa shirika la Mary's Meals, na sehemu ya fedha hizo ikajenga jiko la shule huko Lirangwe, Malawi. Watoto wa Malawi walikula uji kwa sababu ya blogu ya picha za sahani moja kwa siku.

Tuje nyumbani. Chukua mwalimu wa shule ya msingi Mbeya anayefuga kuku chotara nyuma ya nyumba. Anataka kufungua blogu, na jina linalomjia kwanza ni Kilimo na Ufugaji Bora. Akilichukua, leo ataandika parachichi, kesho nguruwe, keshokutwa mabwawa ya samaki, na hayo mengine hajawahi kuyafanya, atayaokota kwingine. Atakuwa anashindana na wizara, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kila aliyewahi kunakili kijitabu cha bwana shamba.

Sasa mwalimu huyohuyo aseme hivi: ninamwandikia mwajiriwa anayefuga kuku wasiozidi 100 nyumbani, anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Ghafla kila kitu kina kipimo. Nani anawapa maji saa nane mchana? Mifuko mingapi ya chakula inalingana na mshahara wake kabla ya tarehe ya malipo? Mayai anamuuzia nani kazini bila kugombana na mwajiri? Vifaranga wafike siku gani ya wiki ili apate siku mbili za kukaa nao? Maswali haya mtaalamu wa chuo hayaandiki, kwa sababu hayaishi. Mwalimu anayaishi kila siku.

Vichwa vya makala navyo vinabadilika. Kwenye blogu ya mambo yote angeandika "Umuhimu wa chanjo kwa kuku". Hakuna mfugaji anayeamka usiku kutafuta umuhimu wa chanjo. Mfugaji anayetafuta yuko bandani jua linazama, simu mkononi, kuku watatu wameinamisha shingo, na anaandika kwenye Google kile anachokiona: kuku wanazubaa na kuharisha kijani. Makala yenye maneno hayo kichwani ndiyo itakayompata. Ndani yake mwalimu atamwambia kwamba huenda ni kideri, kwamba ugonjwa huo hauna tiba, awatenge wagonjwa sasa hivi, ampigie mtaalamu wa mifugo, asiuze wala asigawe waliokufa, na kwamba kinga ni chanjo ya tone la jichoni inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ataweka picha aliyopiga mwenyewe kwenye banda lake, si ya kuokota mtandaoni yenye kuku wa Brazil.

Baada ya hapo linki inakwenda wapi? Haiendi kwenye grupu la ukoo. Inakwenda kwa mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye wateja humuuliza swali hilohilo kila siku na amechoka kulieleza. Yeye ataituma kwa wateja wake, kwa faida yake mwenyewe. Inakwenda kwenye grupu la wafugaji wa mtaa, siku ambayo mmoja wao ameuliza, kama jibu la swali lake. Inakwenda kwa mtangazaji wa kipindi cha kilimo cha redio ya mkoa, ambaye kila wiki anatafuta mtu wa kuzungumza naye. Kila mlango unafunguka kwa sababu anayeufungua anajua mwalimu huyu ni mtu wa nini. Kwa mwandishi wa "mengine mengi" mtangazaji asingejua amwite siku gani.

Google wenyewe walishalisema hili kwa namna yao. Agosti 2022 walipoongeza mfumo mpya katika kupanga matokeo ya utafutaji, walitoa maswali ambayo mwenye tovuti anapaswa kujiuliza, na mojawapo ni kama tovuti yake ina kusudi kuu au mlengo. Jingine ni kama kuna wasomaji ambao wangefaidika na maandishi hayo wakija moja kwa moja, bila kupitia Google. Desemba mwaka huo wakaongeza uzoefu wa mwandishi kwenye mambo wanayoyatazama wanapopima ubora wa ukurasa: je, anayeandika amekitumia kitu, amefika mahali, amelifanya jambo? Na Machi 2024 mfumo ule wa Agosti 2022 ukaingizwa ndani ya mfumo mkuu wa kupanga matokeo. Sidai kwamba kila mwenye mlengo atawekwa juu; wapo waliofanya vizuri na bado wakaporomoka. Ila anayeandika anayoyaishi, kwa msomaji mmoja anayemjua, angalau yuko upande unaoeleweka.

Kwetu sisi, hata hivyo, mlango mkubwa ni WhatsApp, na pale blogu hupimwa kwa kitu kidogo sana. Linki ikitumwa inaonyesha picha ndogo, kichwa, na mstari mmoja au miwili ya muhtasari. Kichwa kikiwa kirefu kinakatwa. Msomaji ana bando la siku, anaamua hapohapo kama atabonyeza. Chunguza linki yako inavyoonekana kwenye simu ya bei ya chini kabla hujaituma: je, picha ni ya jambo lenyewe au ni nembo uliyochorewa? Je, maneno manne ya kwanza ya kichwa yanamtaja mtu au shida yake? Ukurasa ukichukua muda mrefu kufunguka kwa sababu umejaza picha nzito, msomaji amekwisha kuondoka na umemlia bando. Ninaona wengi wanahangaika na rangi na nembo wiki nzima, na hawajawahi kuitazama linki yao kwa macho ya anayeipokea.

Ukurasa wa "Kuhusu" nao huandikwa ovyo. Mara nyingi una wasifu wa mwandishi kuanzia shule ya msingi. Msomaji anataka kujua blogu inamhusu vipi yeye, na kwa nini akuamini wewe. Sentensi tatu zinatosha.

Kuna watakaosema: mimi blogu yangu ni binafsi, ni maisha yangu, siwezi kujifunga kwenye kuku. Ni kweli, na blogu za namna hiyo zina heshima yake. Jackson Biko wa Kenya, anayefahamika kwa jina la Bikozulu, amejenga wasomaji wengi kwa visa virefu vya maisha ya watu, bila kujifungia kwenye mada moja. Lakini msomaji wake anajua anachokwenda kukipata: kisa cha mtu, kilichosimuliwa kwa sauti ileile, kwa urefu uleule, na huzuni au kicheko cha mwisho. Sauti ndiyo mlengo wake. Njia hii ni ngumu kuliko ya kuku, maana sauti haipatikani kwa miezi mitatu. Anayeichagua ajue kwamba ahadi yake ni ubora wa kila sentensi, na uaminifu wa kuandika kwa wakati.

Kenya wametuonyesha jambo jingine. Chama cha wanablogu cha huko, BAKE, kilianza kutoa tuzo mwaka 2012, na tuzo zenyewe ziligawanywa kwa fani: chakula, safari, mitindo, kilimo, biashara, uandishi wa kubuni na nyinginezo. Kaluhi Adagala ameshinda ile ya chakula kwa blogu yake, Kaluhi's Kitchen, inayopika vyakula vya nyumbani Kenya kwa picha safi na maelezo ambayo mtu wa Nairobi anaweza kuyafuata kwa vitu vya sokoni kwake. Tuzo zilipogawanywa hivyo, mwandishi alilazimika kujiuliza asimame foleni ipi, na swali hilo peke yake ni msaada.

Kwa Tanzania kuna sababu ya ziada ya kuamua mapema, nayo ni ya mfukoni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni ya kwanza shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Wengi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi tu walifunga. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo anayetaka kuanza aiulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) maudhui yake yanaangukia kundi gani na anadaiwa nini sasa. Binafsi naamini ada zile zilinyamazisha sauti nyingi ndogo ambazo nchi ilizihitaji. Lakini hali ikiwa hivyo, mtu anayepima kutoa fedha yake ana haki ya kujua anailipia blogu ya kumwandikia nani.

Fedha ya kurudi nayo hufuata mlengo. Mwenye duka la vyakula vya mifugo hatalipia tangazo kwenye blogu yenye wasomaji 20,000 wanaokuja kutazama matokeo ya ligi. Atalipa kwenye blogu yenye wafugaji 500 wa mkoa wake, kwa sababu wote ni wateja wake. Mwandishi wa Marekani Kevin Kelly alipiga hesabu ya namna hii mwaka 2008: msanii mwenye wapenzi wa kweli 1,000, kila mmoja akimpa dola 100 kwa mwaka, ana dola 100,000. Dola 100 kwetu ni nyingi, lakini msingi wa hesabu hiyo unabaki kuwa sahihi hata ukiweka shilingi 2,000 za M-Pesa kwa kijitabu cha ratiba ya chanjo: wanaolipa ni wale wanaokuhitaji wewe, si wapita njia.

Swali linalobaki ni la mwenye vipaji vingi: anapenda mpira, anapika, ana maoni ya siasa, na anajua kompyuta. Achague kimoja kwa miezi sita. Vile vingine havifi. Vinaweza kukaa kwenye ukurasa wake wa Facebook, vikisubiri. Katika miezi hiyo afungue Google Search Console, ambayo ni bure, aone watu wanaomfikia walitafuta maneno gani. Mara nyingi atakuta wanamjia kwa jambo ambalo yeye aliliandika pembeni tu. Mwalimu wetu anaweza kugundua kuwa wanaomtafuta zaidi ni wanaotaka kujua namna ya kujenga banda kwenye nyumba ya kupanga, ambapo mwenye nyumba hataki harufu. Basi asogee huko. Mlengo hurekebishwa kwa kuwafuata wasomaji waliokwisha kuja, na hilo ni tofauti kabisa na kurukaruka kila wiki kwa kufuata kinachovuma.

Kwa hiyo wewe uliyeandaa ujumbe wa kutuma kwenye magrupu jioni hii, usiutume kwanza. Futa orodha ya mada. Mahali pake andika sentensi moja inayomtaja mtu unayemwandikia na kitu atakachokikuta kila akirudi. Kisha msomee mtu wa namna hiyo, si mkeo, mumeo wala rafiki yako wa karibu, na umuulize angemwambia nani habari hiyo. Akitaja jina la mtu bila kufikiri, tuma.